Mgonjwa Aliyejibu "Nimefahamu"



Kazi yetu ni kusomesha watoto Kurani, nayo tumeifanya kwa miaka thelathini na ushei katika ukumbi wa nyumba yetu. Elimu yetu ya skuli iliishia darasa la saba. Basi msomaji akituona tumeshika kalamu kuandika khabari za madaktari na namna wanavyofundishwa, ana haki ya kutuuliza hayo yametuhusu nini. Yametuhusu kwa kuwa yalituuma nyumbani mwetu; tena tulipoyachunguza tuliona kwamba jambo lenyewe, ukilivua lile koti jeupe, ni jambo la chuo cha Kurani, nasi twalijua tangu tungali wadogo.

Kila mwalimu wa chuo ajua kwamba mtoto akiulizwa "Umefahamu?" hujibu "Naam, Maalim". Hujibu hivyo aliyefahamu, na hujibu hivyo hivyo yule aliyekuwa akitazama kunguru juu ya paa. Kwa sababu hiyo hakuna mwalimu wa Kurani anayemwacha mwanafunzi aende zake kwa neno la "naam". Humwambia, "Haya, soma". Akisoma ndipo mwalimu ajuapo madda imekatwa wapi, na herufi gani imetoka mahali pa herufi nyingine. Kosa likiwa kichwani halionekani na mtu. Sharti litoke kinywani ndipo lipate kusahihishwa. Haya twayafanya kila siku ya Mungu, wala hatukupata kufikiri kwamba yana haja hospitalini, mpaka yalipotufika.

Mwaka 2018 dada yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyetulea baada ya mama yetu kufariki, alikanyaga kipande cha kifuu uani akapata kidonda katika kidole cha mguu wa kushoto. Dada yetu ana maradhi ya kisukari tangu zamani. Mwenye maradhi hayo, mguu wake huweza kufa ganzi asisikie maumivu, na damu huenda isifike vidoleni kama ipasavyo. Kwa hiyo kidonda ambacho kwa mwingine ni kidogo, kwake yeye si kidogo. Tukampeleka hospitali. Hatutaitaja hospitali hiyo wala daktari aliyemtazama, kwani hatuandiki kwa kushitaki, na daktari yule alikuwa mtu wa adabu. Alimwita "mama", akakitazama kidonda kwa makini, akamwandikia dawa ya kuua vijidudu, yaani antibayotiki, vidonge 21 vya siku saba. Kisha akasema maneno kwa haraka, mengine ya Kiswahili na mengine ya Kiingereza kilichovishwa kanzu ya Kiswahili, akamaliza kwa kuuliza, "Mmefahamu?"

Tukajibu sisi, si dada: "Tumefahamu, daktari. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

Juu ya bahasha ya dawa paliandikwa kwamba mgonjwa anywe kidonge 1 kila saa 8. Dada yetu hasomi herufi za skuli. Kurani aisoma, na akianza Yasini utapenda kukaa umsikilize. Na ujanani alikuwa akiandika barua kwa khati za Kiarabu. Lakini herufi za skuli hakupata wa kumfundisha. Basi tuliomsomea bahasha ni sisi wenyewe. Tukamwambia, "Dada, utakunywa kidonge kimoja kila saa nane." Hivyo ndivyo tulivyosoma, na hivyo ndivyo yeye alivyofahamu, na hivyo ndivyo sisi nasi tulivyofahamu, kwani kwetu saa nane ni saa nane: iko ya mchana na iko ya usiku. Akawa anakunywa kimoja saa nane ya mchana akisha kula, na kimoja saa nane ya usiku aamkapo kwa sala ya tahajudi. Hakukosa hata mara moja. Tulimsifu kwa bidii yake mbele ya watoto, tukawaambia watazame bibi yao anavyoshika amri ya daktari.

Siku saba zilipotimia, bahashani vilibaki vidonge saba. Hilo peke yake lingetosha kutuamsha, na hatukuamka; tulidhani mtoa dawa alizidisha kwa ukarimu wake. Aliyetuamsha ni muuguzi mmoja aliyekuwa akikifunga kidonda siku ya kumi. Alivihesabu vidonge, akamuuliza dada anavyovinywa, akanyamaza kidogo, kisha akatugeukia sisi. "Mzee," alisema, "maana yake si saa nane ikigonga. Maana yake zikipita saa nane, unakunywa. Zikipita nyingine nane, unakunywa tena. Ni mara tatu kutwa na kucha." Wakati huo kidonda kilikuwa kimekwisha geuka rangi. Katika wiki ya tatu kidole kilikatwa, na baada ya mwezi kikakatwa cha pili yake.

Daktari mwingine alituambia kwa insafu kwamba huenda kidole kile kingekatwa hata kama dawa ingenywewa sawasawa, kwa kuwa damu ilikuwa haifiki vyema. Twaamini kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuamini kadari hakumfutii mtu hesabu ya mkono wake, na vile vidonge saba vilitujia mbele ya macho usiku mwingi.

Mwanzo tuliikasirikia hospitali. Tulisema barazani kwamba madaktari wa siku hizi hawana subira, wanaandika mafumbo, na mengineyo ambayo wazee husema barazani. Hasira hiyo ilidumu mpaka mwaka 2019, siku ya Idi, alipokuja kutuamkia kijana mmoja tuliyemsomesha juzuu ya Amma, ambaye sasa ni daktari na tena ni mwalimu wa madaktari katika chuo kimoja Dar es Salaam. Tukamhadithia khabari ya saa nane. Yeye hakuitetea hospitali wala hakuilaumu.

"Maalim," alisema, "sisi tulikaa miaka mitano kufundishwa namna ya kuyajua maradhi, na saa chache tu kufundishwa namna ya kumwambia mtu maradhi yake. Tena yote tulifundishwa kwa Kiingereza. Tukifika mbele ya mgonjwa, twafasiri papo hapo, hujui neno gani utalipata na lipi litakukimbia."

Akatwambia kwamba jambo hili limechunguzwa sana katika nchi za nje, khasa Marekani, nchi ambayo sisi hudhani kila mtu wake ni msomi. Mwaka 1995 ilitangazwa khabari ya hospitali mbili za umma za huko ambazo wagonjwa wake 2,659 walipimwa fahamu zao katika mambo ya dawa. Katika kila watu 100, kiasi cha 42 hawakuyafahamu maelezo ya kunywa dawa tumbo likiwa tupu. Nasi tukasema, tumbo tupu! Jambo ambalo mtoto wa miaka saba wa Kiislamu alijua mwezi wa Ramadhani likamshinda mtu mzima kwa sababu ya namna lilivyoandikwa.

Lililotuchoma zaidi lilikuwa jingine, la mwaka 2006. Wagonjwa 395 wa nchi hiyo hiyo walionyeshwa chupa za dawa zenye maandishi. Moja ilisema mtu anywe vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wale ambao kusoma kwao kulikuwa kwa taabu, 71 katika kila 100 waliyasema maneno hayo vizuri. Kisha wakaambiwa, "Basi tuonyesheni vidonge mtakavyokunywa kwa siku moja." Waliohesabu vinne walikuwa 35 tu katika kila 100. Wengine wote walioweza kusema walisema sawa, na mkono ukafanya jingine.

Sisi twaijua hali hiyo kuliko madaktari wa Marekani. Ni watoto wangapi tumewakhitimisha, wamesoma misahafu mizima bila ya kukosea irabu, na ukimuuliza mmoja maana ya aya moja aweza kukutazama tu? Hatusemi hivi kuwadharau. Kisomo cha Kurani kina thawabu yake hata bila ya maana. Lakini bahasha ya dawa haina thawabu ya kisomo. Sisi tuliisoma ile bahasha bila ya kosa la herufi hata moja.

Tukamuuliza kijana wetu, "Basi dawa yake nini?" Akacheka, akasema, "Dawa yake, Maalim, nimeipata katika ukumbi wako." Akaeleza kwamba siku hizi madaktari wanafundishwa wasimuulize mgonjwa kama amefahamu, bali wamwombe arudishe kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoelezwa, au aonyeshe kwa mkono, na akikosea, daktari aeleze tena kwa njia nyingine, kisha amwombe arudishe tena, mpaka iwe sawa. Mwaka 2003 ilitangazwa khabari ya uchunguzi wa San Francisco, ambako madaktari 38 walisikilizwa wakizungumza na wagonjwa 74 wa kisukari ambao kusoma kwao kulikuwa kudogo. Katika kila mambo 100 mapya waliyowaeleza, ni kiasi cha 12 tu ambayo daktari alihakikisha kama mgonjwa ameyashika. Na wagonjwa wa wale madaktari waliohakikisha ndio waliokuwa na sukari iliyotulia zaidi. Kijana wetu alitutahadharisha tusilikuze jambo hili: watu 74 ni wachache, na huenda daktari mwenye subira ya kuuliza ana mazuri mengine pia. Tulimpenda kwa tahadhari hiyo.

Tulipokuwa tunasikiliza, ilitujia khabari ya sahaba Al-Baraa bin Aazib, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha dua ya kusoma mtu aingiapo kulala. Al-Baraa hakusema "nimefahamu". Aliirudisha dua mbele ya Mtume neno kwa neno, na alipofika mahali pa kumtaja Nabii, yeye akataja Rasuli. Mtume akamwambia hapana, akamrudishia neno lile lile alilomfundisha. Maana ya maneno yale mawili yakaribiana sana, na dua ingebaki dua. Hata hivyo lilisahihishwa, na lisingeweza kusahihishwa kama lisingetoka kinywani mwake. Na Mtume mwenyewe kila mwaka katika Ramadhani alikuwa akiirudia Kurani na Jibrili, na mwaka wa mwisho wa uhai wake aliirudia mara mbili. Hatudai kwamba madaktari wa Marekani walilitoa jambo lao huku. Hatuna ushahidi wa hayo, na tabia ya baadhi ya ndugu zetu ya kudai kila uvumbuzi ni wetu haitupendezi. Twasema tu kwamba Mwislamu hana udhuru wa kuliona jambo hili geni.

Mwaka 2022 kijana wetu alitupigia simu akatutaka tuende Dar es Salaam tukawe mgonjwa wa kuigiza. Akaeleza kwamba desturi hii ilianzishwa na daktari mmoja wa Los Angeles, Howard Barrows, mwaka 1963: mtu mzima wa afya hufundishwa kujifanya mgonjwa fulani, na mwanafunzi wa udaktari hujizoeza kwake, ili makosa yake ya kwanza yasimwangukie mgonjwa wa kweli. Na mtihani wa vyumba vingi, ambao wanafunzi huhama chumba hadi chumba kwa mlio wa kengele, ulitoka Dundee, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1975, kwa mkono wa Ronald Harden.

Tulisita. Tulimuuliza kama kujifanya mgonjwa si uongo. Akajibu kwa adabu, "Maalim, wewe ulikuwa ukisoma aya kwa makusudi na kosa ndani yake, upate kujua nani katika sisi anasikiliza. Je, ule ulikuwa uongo?" Hatukuwa na la kusema tena, tukakata tikiti ya basi.

Tukawekwa katika chumba kidogo chenye meza na viti viwili. Tuliambiwa kwamba sisi ni mzee wa miaka sitini, asiyejua kusoma, aliyepimwa leo akaonekana na kisukari, na apewe vidonge vya metformini, kimoja asubuhi na kimoja usiku pamoja na chakula. Na tukikuta neno tusilolijua tusiulize, na tukiulizwa "Umefahamu?" tujibu "Ndiyo, daktari". Sharti hilo la mwisho halikutaka mazoezi.

Waliingia vijana wanane mmoja mmoja, kila mmoja kwa dakika kumi. Wa kwanza alikuwa hodari mno. Alitueleza kongosho, na insulini, na namna sukari iingiavyo katika seli, na alichora picha nzuri. Alipotuuliza kama tumefahamu tukajibu ndiyo, akafurahi, akaondoka, nasi hatukujua dawa tutaimeza lini. Wa pili alisema, "Kipimo chako ni chanya," nasi kwa ada ya lugha tulitaka kusema alhamdulillahi, maana jambo likiwa chanya kwa watu wengi ni jambo jema. Wa tatu, alipoambiwa kwamba mzee hajui kusoma, alipandisha sauti kana kwamba hatusikii. Ndugu msomaji, usicheke. Hata sisi tumewahi kumfanyia hivyo mgeni asiyejua lugha yetu.

Wa nne alitukataza sukari. Tukamuuliza, kama tulivyoagizwa, "Basi nikiacha sukari ya chai nitapona?" Alikuwa akiandika, akaitikia "Mmh." Mgonjwa wa kweli angekwenda nyumbani na ile "mmh" akaacha sukari ya chai, akaendelea na ubwabwa sahani kubwa na maji ya matunda, na vidonge angeviweka kabatini. Tumewaona wengi wa namna hiyo mtaani kwetu, na sasa twashuku kwamba katika kila mmoja iko "mmh" ya mtu fulani.

Wa tano alisema, bila ya kutuangalia, kwamba tusifunge tena Ramadhani maisha yetu. Alisahau kwamba mzee aliye mbele yake huenda akafunga kwa siri kuliko kubishana naye. Mgonjwa ana ruhusa katika Kurani yenyewe, na wengi hawaijui, au waijua na hawataki kuitumia kwa haya ya watu. Daktari akimuuliza mgonjwa miezi miwili kabla, "Mzee, mwaka huu wakusudia nini?" watapata kuzungumza: je, mwili wake waweza au hauwezi, vidonge vihamishiwe futari na daku au vipi, na alama gani akiziona, mathalan kutetemeka na jasho baridi, lazima afungue papo hapo hata kama magharibi imekaribia. Asipoulizwa, hatasema.

Wa sita alikuwa msichana mdogo wa umbo. Aliketi, akaweka kalamu chini, akasema, "Shikamoo, mzee wangu." Akatuuliza sisi tunajua nini juu ya sukari, akasikiliza. Kisha akasema kwamba leo anataka tuondoke na mambo matatu tu, mengine tutayasema siku nyingine. Alipofika kwenye dawa hakusema "mara mbili kwa siku". Alitoa vidonge viwili vya mfano, akaweka kimoja upande mmoja wa meza, akasema, "Hiki ni cha chakula cha asubuhi," na kingine upande wa pili, "na hiki ni cha chakula cha usiku." Na alipomaliza alisema maneno ambayo tumeyahifadhi: "Mzee, mimi nimesema mengi na huenda sikueleza vizuri. Ukifika nyumbani, mama akakuuliza, daktari amesema nini, utamwambiaje?"

Tazama, ndugu msomaji, namna alivyolichukua kosa akaliweka begani mwake yeye. Hakutupa mtihani. Mzee wa watu hapendi kutahiniwa na mtoto wa kumzaa. Lakini kumsaidia mtoto ajue kama kazi yake ni nzuri, hilo hakuna mzee atakayelikataa. Tukamjibu kwamba tutakunywa kidonge asubuhi na usiku, na tukijiona tuna nguvu tutaacha. Hili la kuacha halikuwa katika maagizo tuliyopewa. Lilitutoka, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukidhani kweli. Na sisi tumeishi na dada mwenye kisukari miaka mingi!

Hakushtuka. "Hapo mimi ndiye sikueleza sawa," alisema. Akatuuliza kama kwetu kuna mti uani. Tukasema uko mwembe. Akasema, "Ukifagia leo uwanja unakuwa safi. Kesho je?" Tukasema kesho majani yatakuwa yameanguka. "Basi dawa hii ni ufagio, mzee. Uwanja kuwa safi ni kwa sababu umefagia, si kwa sababu mwembe umekauka." Akatuomba tena tumwambie tutakavyosema nyumbani. Safari hii tulisema sawa, na kengele ilikuwa bado haijalia.

Wa saba na wa nane walikuwa kama wa kwanza.

Baadaye tulikusanywa pamoja, na kijana wetu akatutaka tuseme lolote. Tukawahadithia khabari ya saa nane na vidonge saba. Hatukuwa na maneno makubwa, tuliwaambia kwamba chuoni kwetu neno "umefahamu?" ni la kufunga mlango, na neno "soma" ni la kuufungua. Kijana mmoja, yule wa sauti kubwa, akanyanyua mkono. Akasema, "Maalim, hapa tuna dakika kumi na mgonjwa mmoja. Huko nje foleni ina watu sitini, na daktari ni mmoja, na umeme umekatika."

Swali hilo ni la haki, na mtu anayelidharau hajapata kukaa katika benchi la hospitali zetu. Hatukuwa na jibu la kumtosha. Kijana wetu alimjibu kwamba hakuna anayemtaka amwambie kila mgonjwa arudishe kila jambo. Achague lile moja ambalo likikosewa litamdhuru mtu, alihakikishe hilo. Kisha akasema kwamba mgonjwa asiyefahamu harudi nyumbani, hurudi foleni. Dada yetu alirudi mara kumi na moja.

Sasa twageukia kwetu, kwani hatuwezi kuwaandika madaktari peke yao. Sisi huwafundisha watoto wetu kwamba kumjibu mkubwa "sikufahamu" ni utovu wa adabu, kisha watoto hao wakiwa wazee hukaa mbele ya daktari wakaitikia tu. Na sisi wanaume tuna kosa jingine. Tunawapeleka mama zetu, wake zetu na dada zetu hospitali, tukakaa katikati kama pazia: daktari aulize, sisi tujibu, daktari aeleze, sisi tupokee, kisha tuwafikishie njiani kile tulichokishika. Twaita jambo hilo kuwastahi. Katika nyumba yetu kustahi huko kulimgharimu dada vidole viwili, naye ndiye mwenye mguu.

Siku hizi dawa za dada yetu hatuzipangi kwa namba za bahasha. Akipewa ya mara tatu, twamuuliza mtoa dawa saa tatu hizo ni zipi kwa saa zetu, na kisha twazifunga na sala: ya kwanza akisha sali Alfajiri, ya pili saa nane ya mchana, ambayo kwa hakika iliandikiwa kidonge tangu mwanzo, na ya tatu saa nne ya usiku akisha maliza nyuradi zake. Pwani yetu iko karibu na Ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo saa hiyo haimpotezi.

Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki kama ada. Daktari alikuwa mgeni, kijana, hatujui alisomea wapi. Alimbadilishia dawa moja ya presha, akamweleza polepole, kisha akasema, "Mama, naomba unisaidie. Ukifika nyumbani hii mpya utaifanyaje?"

Sisi, kwa mazoea, tukafungua kinywa.

"Wewe nyamaza," dada yetu alisema. "Nimeulizwa mimi." Akavuta kiti chake mbele, akaanza kusoma.